Kivutio Namba Sita

Alhamisi hiyo basi lilishusha watalii mbele ya gereza la kale la Kiltarragh. Wakaingia, wakatazama pingu na mti wa kunyongea, wakatoka wamechangamka kama watu waliotoka harusini, kisha wakafuata mishale ya kijani iliyochorwa njiani mpaka kwenye geti la Concepta Gilsenan. Hapo getini palikuwa na kibao ambacho Diwani Fursey Brannigan alikipigilia misumari kwa mikono yake mwenyewe:

KIVUTIO NAMBA SITA
MWENYE DAWA
TAFADHALI USISEME ASANTE

Namba tano ni gereza. Namba saba ni mnara wa watawa. Na baina ya wafungwa waliokufa na watawa waliokufa alikuwapo Concepta, miaka thelathini na tisa, mzima wa afya, aproni kiunoni, kidole gumba kimepakwa siagi, anatazamwa.

"Haya, nani anaumwa?" aliuliza.

"Haumwi mtu," alijibu bwana mmoja mwenye kamera kifuani. "Lakini nifanyie na mimi, nione tu inavyokuwa."

Concepta akashusha pumzi. Dawa ile ina masharti yake, na la kwanza ni kwamba anayeomba hakataliwi, hata akiwa mpuuzi. Bwana akafunua shati, likatoka tumbo jeupe kama unga uliochekechwa. Concepta akachovya kidole kwenye bakuli la maji ya kisima, akachora duara, akanong'ona maneno ambayo hayajui mtu mwingine.

"Asante sana!" akasema bwana.

Wenzake wakaangua kicheko na kumwonyesha kibao. Naye akajipiga paji la uso: "Ala! Asante kwa kunikumbusha!" Kicheko kikarudi upya. Wakapiga picha kibao, wakapiga picha siagi. Concepta akawakaribisha chai, maana mgeni ni mgeni, nao wakajibu ndiyo papo hapo, jambo ambalo mtu wa Kiltarragh hawezi kulifanya hata kama koo limemkauka kama kigae.

Chai Kiltarragh ina adabu yake. Ukikaribishwa mara ya kwanza unasema hapana, nimetoka kunywa sasa hivi. Mara ya pili unasema hapana, usijisumbue. Mara ya tatu unasema haya, kidogo tu, kisha unamaliza birika. Hapana mbili za mwanzo ni heshima. Mara ya tatu ndiyo jibu, na jibu hilo siku zote huwa ndiyo. Mtu wa kukataa mara ya tatu, mbele ya watu, katika mji ule alikuwa hajazaliwa.

Basi lilipoondoka, mlango wa nyuma ukagongwa. Alikuwa Peadar, fundi wa kuezeka mapaa. Akaingia, akaketi, akafunua ubavu. Ugonjwa wa mkanda wa jeshi, ambao ndio dawa ile huutibu, ulikuwa umemzunguka kama mtu aliyechapwa na waya wa moto. Huyu hakuja kucheka. Alitafuna midomo mpaka duara likakamilika.

"Kwa daktari umekwenda?"

"Nimekwenda."

"Vidonge unameza?"

"Nameza."

"Endelea kumeza. Jumatatu uje."

Peadar akainuka, akaweka mayai juu ya ukuta kama mtu aliyeyasahau, akaenda zake. Hivyo ndivyo inavyofanywa. Dawa hailipwi, wala haishukuriwi. Kama ni vidonge vilivyoponya au kidole, Concepta alishaacha kubishana na nafsi yake; alichojua ni kwamba amewaona wanaume wazima wakilia Jumatatu ya kwanza, na Jumatatu ya pili wakipiga mluzi.

Jumatatu, Alhamisi, Jumatatu. Hizo ndizo siku za dawa, na wagonjwa hawakatiki. Ndiyo maana Concepta, tangu binti mdogo, hakuwahi kuvuka kwao zaidi ya Ijumaa hadi Jumapili. Baharini alifika siku moja. Alitia miguu majini, akatazama saa, akaitoa.

Zamani angalau mzigo ule ulikuwa wa ndani, wa majirani. Halafu Fursey Brannigan akachaguliwa diwani. Fursey hakuwa mtu mbaya. Hata adui zake walikiri kwamba alikuwa mcheshi, mkarimu, na hakosi mazishi. Ila alikuwa na ugonjwa wa kuviita vitu vivutio. Ngome isiyo na paa: kivutio. Kisima cha mtakatifu: kivutio. Akachapisha ramani, na alipoona kuna nafasi tupu kati ya gereza na mnara, akapita kwa Concepta asubuhi moja na keki ya matunda.

"Concepta mpenzi, hutafanya jambo jipya hata moja. Wewe kaa tu kama unavyokaa."

"Nisingependa, Fursey."

"Fikiria mji."

"Sidhani kama naweza."

"Unaweza bwana! Nani kama wewe?"

Ilikuwa mara ya tatu. Concepta akasema basi, kwa kipindi hiki tu cha kiangazi. Viangazi vikafuatana kama bata njiani, na ramani bado inachapishwa, na sura yake ndiyo hiyo ipo juu yake, inatabasamu kwa shida.

Ijumaa maonyesho ya Oktoba yalifunguliwa. Uwanja wa soko ulijaa farasi, madalali wakigonganisha viganja vya wauzaji na wanunuzi, akina mama wenye vibanda vya jibini na mikate ya magadi. Upande wa kanisa kulikuwa na mabembea ya Malachy Devane: vigari vya kugongana, farasi wa mbao wanaozunguka, na kibanda cha kulenga shabaha ambacho bunduki zake zote zimepinda.

Malachy alikuwa mtu wa barabarani, mabega mapana, sauti ndogo. Kila mwaka alikuja na maonyesho na kuondoka nayo, na kila mwaka siku hizo chache Concepta alionekana akizunguka juu ya farasi wa mbao akiwa ameketi upande kama malkia. Mji ulikuwa umeshachoka kulisema jambo hilo. Hata Bid Hession, mwenye baa, ambaye umri wake ni themanini na kinywa chake ni cha ishirini, alikuwa amebaki kusema tu, "Wanazunguka, wanazunguka, hawafiki."

Ijumaa hiyo Malachy hakumpandisha farasi. Alimpeleka nyuma ya lori.

"Mwaka huu ndio mwisho, Connie," alisema. "Fursey anageuza uwanja kuwa maegesho ya mabasi. Mabembea hayana pa kukaa tena."

"Hakuniambia."

"Atakuambia kwa kipaza sauti. Nimepata mahali pa kudumu, pwani ya kusini, karibu na mchanga kabisa. Sitazunguka tena. Jumapili baada ya misa nabomoa, kisha naondoka." Akafuta mikono kwenye suruali, ingawa ilikuwa safi. "Nimekuuliza kila Oktoba, nawe kila Oktoba unasema subiri nipate wa kumwachia dawa. Sikuulizi tena. Kiti cha mbele kipo. Ukija, umekuja."

"Siwezi kuondoka nayo, Malachy. Itakufa."

"Najua."

"Yupo mwanamke aliyeondoka nayo enzi za bibi yangu, akavuka bahari. Mpaka leo hawamtaji jina. Wanasema Yule Aliyeondoka. Peadar yuko katikati ya siku zake za dawa. Nitamwacha anaungua?"

"Sijasema uondoke nayo," alisema Malachy. "Nimesema uondoke."

Kumwachia mtu ndiyo ilikuwa kazi. Dawa hupokezanwa kama kijiti: mwanamume humpa mwanamke, mwanamke humpa mwanamume. Mwenye nayo humwuliza anayemtaka, "Utaichukua?" na huyo lazima akubali kwa kinywa chake. Hailazimishwi, hairithiwi kimyakimya.

Concepta aliulizwa akiwa na miaka kumi na minne. Mjomba wake Tadhg alikuwa anakata roho, na kama ilivyo desturi, nyumba ilifurika: majirani mpaka ngazini, kasisi kwenye kiti kizuri, sandwichi zikipitishwa juu ya vichwa. Mjomba akanyoosha kidole gumba, akasema, "Concepta, utaichukua?" Akasema hapana mjomba, sistahili, kama mama yake alivyomfundisha kusema kwenye chai. Akaulizwa tena, akasema hapana mjomba, wapo wakubwa. Akaulizwa mara ya tatu, na nyumba nzima ikamgeukia, sandwichi zikasimama hewani. Msichana wa miaka kumi na minne angesema nini? Aliambiwa baadaye kwamba macho yake yalikuwa kama ya ndama aliyeona geti likifungwa.

Ijumaa hiyohiyo alasiri alimkimbilia binamu yake Enda, tarishi, akamkuta ndani ya gari la posta anakula chipsi.

"Enda ndugu yangu, utaichukua?"

"Hapana."

"Enda, utaichukua?"

"Nimesema hapana. Nimchukue mbwa wako? Nitamchukua. Nyumba yako? Hata kesho. Siyo hilo."

"Enda—"

"Usiulize ya tatu, Connie, utaniletea aibu bure! Tuko wawili humu, mimi, wewe na chipsi. Nitakataa, na mbingu hazitaanguka." Akamwonea huruma, akamsogezea chipsi. "Mimi nimeoa. Nina watoto wanaotaka kwenda kuogelea Alhamisi. Nakuona unavyoishi. Watu wote tunakuona unavyoishi. Nani atakubali?"

Jumamosi wifi yake, Noreen, akaleta ushauri kabla hajaombwa. "Mpe Oisín wetu. Ana miaka kumi na minne, umri uleule uliokuwa nao wewe ulipoipokea. Mwite Jumapili baada ya misa, baa ikijaa, mwulize. Hawezi kukataa mbele za watu, mtoto yule ana adabu."

Concepta alimtazama Oisín kupitia mlango wa jikoni. Alikuwa anajaribu kusimamisha kijiko juu ya pua. Noreen alikuwa amesema kweli tupu: asingeweza kukataa.

"Hapana," alisema Concepta.

"Usijali, si usumbufu kwetu."

"Hapana, Noreen."

Noreen akataka kuuliza tena, akaona uso wa wifi yake, akazungumzia mvua.

Usiku ule Concepta hakufungasha kitu. Alifua aproni zake, akazianika juu ya jiko, akalala akijua kwamba Jumapili atakwenda kuaga tu.

Jumapili mvua ilinyesha kuanzia somo la kwanza. Misa ilipokwisha, mji mzima ulijimwaga kwa Bid Hession kama maji ndani ya mtaro. Hapakuwa na pa kuweka kiwiko. Wauza farasi, wanakwaya, watalii wachache waliopotea, Mossy mlinzi wa gereza akiwa bado na funguo zake kubwa za maonyesho kiunoni, mbwa wawili, na mvuke wa makoti yanayokauka. Kwenye dirisha ungeweza kuona uwanja, na farasi wa mbao wakishushwa mmoja mmoja, wakipakiwa miguu juu. Nyundo ya Malachy ilisikika mpaka ndani: ngo, ngo, ngo.

Concepta aliingia kutafuta njia fupi ya kupita uwanjani. Mkono ukamdaka.

"Huyu hapa!" Alikuwa Fursey, na kipaza sauti. "Nafasi, jamani, nafasi! Mpisheni!"

"Fursey, napita tu."

"Hupiti leo!" Baa ikacheka. Akasukumwa mbele mpaka akasimama karibu na sahani ya sandwichi, mgongo ukutani, mji wote mbele yake. Alijua mahali hapa. Hakuwahi kusimama pale, lakini alipajua.

"Ndugu zangu," Fursey alisema, "nina habari mbili. Ya kwanza, mwakani uwanja wetu utapokea mabasi, siyo moja moja, bali kwa safu!" Makofi ya wenye nyumba za wageni. Wauza farasi walitia mikono mifukoni. "Ya pili. Kivutio Namba Sita kitapata jengo lake. Ukuta wa kioo, viti vya wageni, joto. Concepta hatasimama tena getini na baridi. Atakaa ndani ya kioo, siku zote za wiki!"

"Kama samaki," alisema Bid Hession kutoka nyuma ya kaunta.

"Kama malkia, Bid! Kwa sababu, jamani, mimi ni diwani, na udiwani ni kitu kidogo. Watu hunichagua, watu watanitoa. Lakini huyu!" Akaweka mkono begani mwa Concepta, na kwa kuwa alikuwa mtu wa hisia za karibu, macho yakamlowa kweli. "Huyu amebeba kitu ambacho hakinunuliwi. Hakuna heshima kubwa kuliko hiyo katika mji huu. Hakuna! Ningebadilishana naye leo hii. Laiti ningekuwa na bahati hiyo mimi!"

Makofi yakapigwa. Nje nyundo ikanyamaza. Farasi wa mwisho alikuwa ameshaingia.

Concepta hakuwa amepanga. Baadaye watu waliapa kwamba alikuwa amepanga tangu kiangazi, kwamba keki ya matunda ndiyo iliyomkera. Lakini ukweli ni kwamba alikuwa anatazama sahani ya sandwichi, akaona siagi imejitokeza pembeni mwa mkate, na kidole chake gumba kikaichovya chenyewe.

"Fursey Brannigan," alisema. Kipaza sauti kilikuwa karibu, sauti yake ikatoka kubwa kuliko alivyozoea. "Utaichukua?"

Vichwa vyote vikageuka, hata vya mbwa wawili.

"Ha!" Fursey alicheka. "Concepta mpenzi! Mimi? Mimi sistahili."

Watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Adabu hiyo. Hakuna aliyeichukulia kuwa ni jibu, na usoni mwa Fursey ilionekana anaanza kulielewa hilo.

"Fursey, utaichukua?"

"Hapana, hapana, wapo... wapo wenye mikono mizuri zaidi. Mossy! Enda!"

Enda alikuwa ameshachuchumaa nyuma ya mwanakwaya mnene.

"Mara mbili," alisema Bid Hession taratibu, akifuta bilauri. "Ameulizwa mara mbili, amekataa kwa heshima mara mbili. Kijana kalelewa."

Concepta alimwona Fursey akizungusha macho chumbani. Alimwona akipita juu ya kila uso: wapiga kura, wenye nyumba za wageni, kasisi, Peadar aliyekuwa ameketi wima kwa sababu ya ubavu wake. Aliona geti likifungwa machoni mwake. Akamhurumia, kwa kweli akamhurumia, kwa sababu hakuna aliyejua kama yeye jinsi chumba kile kilivyo kidogo kinapomgeukia mtu mmoja. Angeweza kucheka, akasema ni utani, na wote wangecheka naye.

"Fursey," alisema, "utaichukua?"

Diwani akameza mate. Kipaza sauti kikayapeleka mate yale mpaka mlangoni.

"Haya," alisema. "Kidogo tu."

Kelele iliyolipuka ilitikisa chupa. Concepta akaweka kidole gumba juu ya kidole gumba chake, siagi katikati, akamvuta sikio, akamnong'onezea maneno. Ni machache, hayafiki sentensi mbili. Alipomaliza akahisi tu kwamba kidole kimepoa, kama mtu aliyevua pete.

"Jumatatu, Alhamisi, Jumatatu," alimwambia. "Anayeomba hakataliwi."

"Jumatatu hii? Nina kikao Dublin!"

"Huna."

Mossy alikuwa ameshafunua shati. "Mimi siumwi, Diwani, ila nifanyie na mimi. Nataka kuona tu." Watu wakavunjika mbavu. Foleni ikaanza kujipanga, na watalii waliopotea wakagundua kwamba hawakupotea kabisa.

Concepta alikuwa ameshafika nusu ya njia kuelekea mlangoni Fursey aliposhika tena kipaza sauti. Fursey hakuwa mjinga. Mtu hawi diwani kwa ujinga.

"Ngoja kwanza!" alisema. "Mwanamke humpa mwanamume. Sawa. Na mwanamume humpa mwanamke. Si ndivyo, Bid?"

"Ndivyo."

"Basi na mimi nauliza." Tabasamu lilikuwa limemrudia, ila lilitetemeka kwenye pembe. "Mbele yenu nyote. Concepta Gilsenan, wewe uliyeibeba vizuri kuliko sisi sote. Utaichukua?"

Watu waliokuwa kati yake na mlango hawakumzuia. Waliacha tu kusogea. Koti kwa koti, bega kwa bega, nyuso alizozijua tangu utotoni mwake. Mwanamke aliyemfundisha kusoma. Mtu aliyebeba jeneza la mama yake.

"Hapana," alisema Concepta.

Vichwa vikatikiswa kwa kuridhika. Kalelewa.

"Concepta, kwa ajili ya mji. Utaichukua?"

"Hapana."

Mtu mmoja akaanza kutabasamu, kama watu wanavyotabasamu birika linapoanza kuimba. Peadar alikuwa anamtazama. Hakuwa na lawama usoni, na hilo ndilo lilikuwa gumu zaidi. Alikuwa anamtazama kama ubavu unavyotazama dawa. Kasisi akaweka chini sandwichi yake. Oisín alikuwa amesimama juu ya kiti aone vizuri. Nje injini ya lori ikawaka, ikakohoa, ikatulia kwenye mngurumo mmoja, ikingoja.

"Mara ya tatu," alisema Fursey, kwa upole kabisa, bila kipaza sauti sasa. "Connie. Nakuomba. Utaichukua?"

Concepta alifungua kinywa, na neno lililokuwapo pale mbele, lililosogea lenyewe kama mbwa akisikia jina lake, lilikuwa lile lile la mara ya tatu, siku ya Mjomba Tadhg. Alilionja. Alikuwa amelibeba muda mrefu kuliko dawa yenyewe.

Akalimeza.

"Hapana, Fursey."

Hapakuwa na kelele. Ilikuwa kama sahani imeanguka na kila mtu anangoja kuisikia ikivunjika. Watu hawakujua waweke wapi macho. Mwalimu wake wa kusoma alitazama viatu. Noreen alifunika kinywa.

Bid Hession ndiye aliyeweka bilauri chini.

"Amekataa," alisema. "Tumesikia wote. Mara tatu." Kisha, kwa kuwa hakuwa mwanamke wa kuacha baa ikae kimya: "Fursey, mwangalie Peadar wa watu huyo, leo hali chakula wala halali. Na safari hii watalii wa kibao chako wakushukuru wewe. Mpisheni msichana apite, au mnataka kumpiga misumari na yeye?"

Wakampisha. Polepole, bila kumgusa, kama watu wanavyompisha aliyeshika sufuria ya moto. Hakuna aliyesema kwaheri. Alipofika mlangoni alisikia nyuma yake Peadar akiuliza kwa sauti ya chini, "Kesho nije kwako basi, Diwani?" na Fursey akijibu, "Njoo, Peadar. Njoo tu."

Mvua ilikuwa imepungua. Uwanja ulikuwa mtupu, una miduara mikavu mahali mabembea yalipokuwa yamesimama. Concepta aliuvuka akijua kwamba dirisha la baa limejaa nyuso, na kwamba kabla ya jioni atakuwa ameshapewa jina jipya, na kwamba jina hilo litaishi kuliko yeye. Hakuwa na mzigo. Aproni zake zote zilikuwa bado juu ya jiko.

Malachy alikuwa ameketi nyuma ya usukani, mlango wa upande wa pili umefunguliwa. Hakuuliza kilichotokea, alikuwa amekwisha sema hataki kuuliza tena. Concepta akapanda, akakaa. Kioo cha mbele kilikuwa kipana, na kwa sekunde moja akahisi vibaya, kama amekwisha tiwa ndani ya kile chumba cha Fursey, na mji umesimama nje unamtazama. Kidole gumba kikawa kinajizungusha juu ya goti lake, duara baada ya duara. Akakikalia.

Malachy aliokota chupa ya chai kutoka sakafuni, akafungua kifuniko, mvuke ukapanda. Alikuwa amekaa na watu wa Kiltarragh Oktoba nyingi mno, alijua desturi.

"Chai?" alisema, na akavuta pumzi ya kuuliza mara ya pili.

"Ndiyo," alisema Concepta.

Malachy akabaki na kinywa wazi.